Shaka ya Chupa, Shaka ya Mtu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kuhamishia miche, msimamizi wetu alinipa sheria moja kabla hata hajanionyesha pa kutundika koti. "Kijana, ukiwa na shaka, tupa." Alisema hivyo akipangusa meza kwa spiriti, bila kunitazama. Nikaitikia, "Sawa, madam," nikidhani ni maneno tu ya kuanzia kazi, kama vile makanga anavyosema "shikilia vizuri" huku gari limeshaondoka. Imenichukua miaka kadhaa kuona kwamba ile ilikuwa sheria ya maadili kabla ya kuwa sheria ya sayansi, na kwamba niliivunja siku ambayo kuitii kungenigharimu shilingi tisini.

Wacha nieleze kazi yenyewe kwanza, maana bila kuijua hutaona kosa langu lilikaa wapi.

Ilikuwa maabara ndogo ya kukuza migomba kwa tishu. Wakulima wa Kenya wameijua migomba hii tangu katikati ya miaka ya 1990, na sababu ya kuletwa kwake ni ya kusikitisha kidogo. Njia ya wazee wetu ya kupanda ndizi ni kwenda kwa jirani, kuomba chipukizi, na kulibeba begani hadi kwako. Ni njia ya ujirani mwema. Lakini chipukizi halisafiri peke yake. Husafiri na fukusi, na minyoo ya mizizi isiyoonekana kwa macho, na ile kuvu ya udongoni inayoleta mnyauko wa Panama, ambayo ikishaingia shambani hukaa miongo. Jirani anakupa ndizi na ugonjwa wake kwa mkono mmoja, naye hajui. Maabara inajaribu kukata mnyororo huo kwa kuanza upya, na kipande kidogo sana, ndani ya chupa.

Unachukua chipukizi, unaliosha kwa sabuni na maji ya mfereji, unalimenya tabaka baada ya tabaka mpaka unabaki na kipande cha tunguu cha sentimita moja au mbili, chenye kile kichomozo ambacho ndicho moyo wa mgomba. Unakitumbukiza kwenye spiriti, kisha kwenye Jik iliyopunguzwa makali kwa maji, na matone machache ya sabuni ili dawa ishike vizuri. Dakika ishirini hivi. Halafu unakisuuza mara tatu kwa maji yaliyopikwa. Chakula chake ni uji mzito wa agari wenye sukari, vitamini na chumvichumvi, kwa vipimo ambavyo msingi wake ni ule wa Murashige na Skoog, waliouchapisha mwaka 1962 walipokuwa wakikuza tishu za tumbaku. Uji huo hupikwa ndani ya otoklevu, yaani sufuria kubwa ya mvuke wa shinikizo, kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20.

Shida ni kwamba chakula kitamu kwa mgomba ni kitamu zaidi kwa kila kitu kingine. Mgomba unahesabu wiki. Bakteria wanahesabu dakika. Chembe moja ya ukungu ikidondoka kwenye uji ule, siku ya nne utakuta manyoya meupe, ya kumi yamegeuka kijani au meusi, na mche umefunikwa kama mtu aliyezikwa kwa pamba.

Kwa hivyo unafanya kazi mbele ya kabati la hewa safi. Feni inasukuma hewa kupitia kichujio kinachonasa karibu kila chembe, na hewa hiyo inatoka nyuma ya kabati ikija usoni kwako. Maana yake ni kwamba wewe ndiwe uchafu. Hewa inakusukuma wewe mbali na chupa. Hupitishi mkono juu ya chupa iliyo wazi. Huongei. Hukuni pua. Koleo na kijembe unavichovya kwenye spiriti, unavipitisha motoni, unavipoza, unavitumia, unarudia. Kila chupa, moto upya. Mtu mgeni akituona angedhani ni ibada fulani.

Na kila baada ya wiki tatu au nne, shada la miche linatolewa, linagawanywa, kila kipande kinapewa chupa yake. Tuseme kila kimoja kinazaa vitatu. Baada ya mizunguko sita, kipande kimoja kimekuwa 729. Hesabu hiyo ndiyo baraka ya maabara. Ukipiga hesabu hiyo hiyo kwa bakteria aliyejificha katika chupa ya kwanza, inakuwa laana.

Mimi niliingia pale mwaka 2021, baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Nilianza kama kibarua wa kuosha chupa. Mikono yangu ilipoonekana kuwa mitulivu, nikapewa meza. Malipo yalikuwa ya siku, lakini kulikuwa na makato: kila chupa yenye alama yako ikiota ukungu au bakteria, unakatwa shilingi thelathini. Kila chupa ilikuwa na tarehe, aina ya ndizi, na herufi ya mfanyakazi wa mwisho kuigusa. Nakuomba ukumbuke hilo neno, wa mwisho.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Nilikuwa nimebakiza chupa chache kufikisha hesabu ya siku. Nilichoma koleo, nikalipoza, na nilipokuwa nikilirudisha kwenye sahani, nilihisi kitu. Ncha ya koleo ilipita karibu sana na mkono wa koti langu. Iligusa ama haikugusa? Sijui. Nilihisi kama ilikwaruza kitambaa, lakini huenda ni kiwiko changu kilichogusa ukingo wa meza. Nilipojiuliza swali hilo koleo lilikuwa tayari limeshika mche. Niliugawanya mche vipande vitatu, kila kimoja kwenye chupa yake. Nikaangalia zile chupa tatu. Tatu mara thelathini ni tisini. Nikaziwekea vifuniko, nikaandika herufi yangu, nikaendelea.

Hiyo ndiyo dhambi yote. Ilichukua kama sekunde nne.

Wiki ile iliyofuata nilikuwa nikipita kwenye rafu kuziangalia. Siku ya tatu, safi. Siku ya kumi, safi kabisa, uji unang'aa kama kioo, majani yanachomoza. Nikapumua. Nikajiambia, unaona sasa, haikugusa. Mwezi ulipoisha, zile chupa zikapelekwa meza ya tatu, kwa dada mmoja ambaye alikuwa mzoefu kuliko sote, mama wa watoto wawili. Yeye akazigawanya, akaweka herufi yake. Mwezi uliofuata akazigawanya tena.

Kuna bakteria ambao hawana haraka. Wanakaa ndani ya tishu ama chini kabisa ya mche, uji unabaki safi, hakuna dalili, mpaka mizunguko kadhaa ipite. Halafu siku moja unainua chupa kwenye mwanga na unaona utando kama maziwa umezunguka mguu wa mche. Tulianza kuuona mwezi wa nne. Mwanzoni chupa tano, halafu rafu nzima. Nyingi zilikuwa na herufi ya dada.

Aliachishwa kazi Jumatatu asubuhi, sote tukiwa tumesimama pale. Alisema, "Madam, mimi nimefuata utaratibu." Msimamizi akajibu kwamba chupa hazidanganyi. Dada akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikusema neno.

Sasa, sijui kama ni mimi. Hili nataka lieleweke, si kwa kujitetea, bali kwa sababu ndilo swali lenyewe. Huenda bakteria wale walitoka kwenye koti langu. Huenda walitoka kwa dada. Huenda hawakutoka kwa mtu yeyote: inajulikana vizuri kwamba migomba hubeba bakteria ndani ya tishu zake tangu shambani, mahali ambapo Jik haifiki, na wao hutokea baadaye sana. Hakuna aliyepima. Chupa zilichemshwa zikiwa zimefungwa, kama inavyotakiwa, ili zisisambaze vijidudu chumbani, na ushahidi ukaisha hapo.

Kwa hiyo mtu ambaye hajui kama amekosa anadaiwa nini?

Kwa muda mrefu nilijijibu kwa lugha ya mahakama. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50, inasema mshtakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Hakuna aliyethibitisha kuwa koleo liligusa koti. Mimi mwenyewe, shahidi pekee, sina hakika. Basi niko huru. Kila nilipomkumbuka dada nilijisomea hukumu hiyo, nayo ilinituliza kwa siku mbili tatu.

Kilichonizuia kutulia kabisa ni yale maneno ya siku ya kwanza. Ukiwa na shaka, tupa. Katika maabara, shaka haimfaidi mshtakiwa. Shaka ni hatia. Chupa yenye shaka inatupwa bila kesi, bila wakili, hata kama pengine ni safi, kwa sababu hasara ya kutupa chupa safi ni ndogo na hasara ya kubakiza chupa chafu inajizidisha mara tatu kila mwezi. Ni sheria katili, na ni sheria nzuri, kwa sababu chupa haiumii. Chupa haina watoto wa kulipia karo.

Kumbe kuna sheria mbili za shaka, na kila moja ina mahali pake. Kwa vitu, na kwa matendo yetu wenyewe kabla hayajawafikia wengine, shaka inatosha kuhukumu. Kwa watu, shaka haitoshi. Ukizichanganya unaharibu pande zote mbili. Na nikiitazama ile miezi minne, naona kwamba pale maabara tulizibadilisha mahali. Mimi niliichukua sheria ya mahakama, iliyotungwa kumlinda binadamu asifungwe kwa uongo, nikaitumia kulinda chupa tatu na shilingi tisini. Nikaipa chupa haki ya kudhaniwa safi. Msimamizi naye akaichukua sheria ya chupa akaitumia kwa mtu: kuna shaka juu yake, atupwe. Mimi nilikuwa mpole pale nilipotakiwa kuwa mkali, yeye akawa mkali pale alipotakiwa kuwa mpole. Na makosa yetu mawili yakakutana kwenye mgongo wa mtu mmoja.

Mtu anaweza kunipinga hivi: kama bakteria walitoka kwenye tunguu lenyewe, basi sekunde zako nne hazikumdhuru yeyote, na unajitesa bure. Mwaka 1976 mwanafalsafa Bernard Williams aliandika kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote la udereva. Sisi tulio kando tutamwambia si kosa lako, na tutakuwa sahihi. Lakini tutamshangaa kama atakubali haraka sana na kuendelea na safari, kwa sababu yeye si mtazamaji, ni mikono yake iliyoshika usukani. Mimi niko pembeni kidogo ya mfano huo. Mimi ni dereva aliyesikia kitu kikigonga usiku, akasema moyoni pengine ni jiwe, asisimame kuangalia. Hata kama lilikuwa jiwe kweli, kuna kosa, nalo lilikamilika pale alipokanyaga mafuta badala ya breki. Kilichokuwa barabarani hakibadilishi kosa hilo. Kinabadilisha ukubwa wa msiba tu.

Ndiyo maana siku hizi sijiulizi tena kama ni mimi niliyeziharibu zile chupa. Swali hilo halina jibu na halitakuwa nalo. Najiuliza kilichonizuia kusema, kwa sababu jibu lake ninalo.

Kilichonizuia ni shilingi tisini, na hofu. Hapa lazima niwe mwaminifu kwa pande zote, kwa sababu ni rahisi kuandika insha ya kujipigapiga kifua na kuusahau ule mfumo wa makato. Hebu fikiria ulivyofanya kazi. Anayesema "nadhani nimegusa" analipa leo, hakika. Anayenyamaza huenda asilipe kamwe, kwa sababu chupa inaweza kutokea safi, ama ikaharibika ikiwa na herufi ya mtu mwingine. Mfumo wa namna hiyo unamtoza mtu ushuru kwa kusema ukweli. Mwenye maabara alidhani anaadhibu uchafu, kumbe alikuwa anaadhibu habari za uchafu. Na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maabara nzima ilikuwa inalipwa kuficha maradhi.

Spiriti yenyewe ingeweza kutufundisha hapo. Wageni wengi wanadhani spiriti kali kabisa ndiyo inayoua vizuri. Sivyo. Tunatumia ya asilimia 70, kwa sababu maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kuvunja protini za kijidudu. Ile kali ya asilimia 95 hukauka upesi na hufanya kazi vibaya zaidi. Ukali uliozidi hausafishi, na sidhani ni spiriti peke yake yenye tabia hiyo.

Na si maabara yetu tu. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliojifungulia wodi ya madaktari walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wodi ya wakunga. Rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikufa baada ya kukatwa na kisu wakati wa kuchunguza maiti, na ugonjwa uliomuua ulifanana na ule wa akina mama. Semmelweis akaunganisha: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja wodini. Akawalazimisha waoshe mikono kwa chokaa yenye klorini, dawa ya ukoo mmoja na Jik yetu. Vifo vikashuka sana, katika muda wa wiki. Madaktari wengi walimkataa hata hivyo. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja naielewa vizuri mno: kukubali dawa ya Semmelweis kulimaanisha kukubali kwamba mikono yako, ya mtu msomi, mtu mwema, ilikuwa imeua. Ni afadhali dawa iwe ya uongo. Yeye mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha 1861 kwamba hawezi kujua idadi ya wanawake waliokwenda kaburini mapema kwa sababu yake. Mimi huona ushujaa wake hapo zaidi kuliko katika kugundua. Hakungoja kupata idadi kamili ndipo akiri. Alikiri akiwa na shaka.

Kuna jambo lingine linalonisumbua, nalo ni hili neno safi. Tulilipenda sana pale maabara, na tunalipenda sana nchini. Ukitafuta kazi unaambiwa ulete cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Unalipa, unapigwa alama za vidole vyote kumi, unangoja. Kikija kinasema hakuna kilichorekodiwa dhidi yako. Mimi ninacho. Ni cha kweli kabisa. Ni cha kweli kama uji unaong'aa siku ya kumi. Haimaanishi hakuna kitu, inamaanisha hakujaonekana kitu.

Hata mgomba wenyewe unatucheka kwa hili. Baadhi ya ndizi zina mchanganyiko wa nasaba, upande mmoja ukitoka kwa ndizi mwitu iitwayo Musa balbisiana. Ndani ya nasaba hiyo kuna vipande vya virusi vya mchirizi vilivyojishona kwenye urithi wa mmea tangu zamani. Unaweza kumenya, kuchovya, kuchoma koleo, usiguse chochote, kila kitu kikawa safi, na ile dhiki ya kukuzwa chupani ikawaamsha virusi hao kutoka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa hata nguo haipo, ki ndani ya damu. Ndiyo maana maabara makini hazisemi tu "mmea safi", zinasema umepimwa magonjwa gani.

Halafu mwisho wa safari yote hiyo ya usafi ni nini? Ni udongo. Mche wa chupani ni mzuri kuangalia lakini ni dhaifu. Umekulia kwenye unyevu mwingi na sukari ya bure. Nta ya majani yake ni nyembamba, vinyweleo vyake havijui kufunga maji yasipotee. Ukiutoa na kuupeleka shambani siku hiyo hiyo, utanyauka kabla ya saa sita mchana. Lazima ukae kitaluni, kwanza chini ya nailoni na kivuli, wiki baada ya wiki ukizoeshwa jua na upepo. Na ndani ya udongo kuna viumbe ambavyo maabara iliviondoa vyote pamoja na vibaya. Watafiti wa Uganda na Kenya wamewahi kujaribu kuirudishia miche hii kuvu fulani zisizodhuru, ili ziikinge dhidi ya fukusi na minyoo. Na kuvu hizo ni za jamii ya Fusarium, jamii ile ile inayoleta mnyauko wa Panama. Kwanza tunaondoa kila kitu, halafu tunarudisha ndugu wa adui ili mmea upate nguvu.

Sisemi kwamba usafi ni upuuzi. Mtu aliyeona rafu nzima ikienda jalalani hawezi kusema hivyo. Nasema usafi ni kitalu tu. Unaingia humo ili utoke. Kumdai binadamu akae humo maisha yake yote, bila doa hata moja la kukiri, ni kumtaka awe mche wa chupani, ama, kwa kawaida zaidi, ni kumfundisha kuficha.

Nilimtafuta dada mwaka jana. Haikuwa vigumu, anauza mboga na mayai karibu na stendi, na watu wanamjua. Nilinunua sukuma wiki ya hamsini, nikasimama hapo kama mtu anayengoja chenji. Halafu nikamwambia yote, koleo, koti, zile chupa tatu, Ijumaa ile. Nilimwambia pia kwamba sina hakika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake.

Alicheka kwanza. "Na mimi kuna siku nilipiga chafya," akasema. "Ndani kabisa ya kabati. Nikafunga chupa nikaendelea. Nani angelipa?" Akaniambia hata yule wa meza ya kwanza alikuwa na yake. Karibu kila mtu alikuwa na chupa yake moja aliyoijua peke yake. Tulikaa chumba kimoja miezi yote ile, midomo imefunikwa, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

Nikahisi mzigo unashuka. Nadhani aliuona ukishuka, kwa sababu aliacha kucheka. Akafunga mboga zangu kwa ile kamba ya mgomba, polepole, halafu akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, haya umekuja kuniambia ili nipumue mimi, ama upumue wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilisema samahani, dada. Akasema sawa. Mteja mwingine akaja, akamgeukia.

Nimelifikiria swali lake tangu siku hiyo, na jibu la kweli ni kwamba nilienda kupumua mimi. Maneno yale yangemfaa yeye Jumatatu ile asubuhi, kabla hajavua koti. "Madam, kuna chupa zangu tatu humo ambazo nilikuwa na shaka nazo." Yasingethibitisha chochote. Pengine angefukuzwa hata hivyo, pengine tungefukuzwa wote wawili. Lakini shaka ingekuwa imegawanywa kwa wenye nayo, badala ya kubebeshwa wa mwisho kugusa. Ukweli wa shaka una muda wake wa kutumika, kama koleo lililotoka motoni. Ukiuacha mezani muda mrefu, unabaki koleo, lakini lazima uchomwe upya.

Siku hizi naandika kuendesha maisha, na kazi ya kuandika haina kabati la hewa safi. Juzi nilimtumia mhariri makala, na usiku nikakumbuka kwamba tarehe moja niliitoa kichwani, sikuiangalia mahali popote. Pengine ilikuwa sahihi. Ilikuwa saa tano usiku na malipo yalikuwa yakingoja makala ikubaliwe. Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Halafu nikamwandikia: kuna sentensi moja nina shaka nayo, naomba uitoe.